Umetoka kung'oa jino na tarehe ya chanjo imefika: namna ya kupanga

Kung'oa jino, kuziba, kusafisha au kutibu mzizi hakuharibu kazi ya chanjo, na chanjo ya begani haicheleweshi kidonda cha fizi kupona. Sindano ya ganzi haina ugomvi na chanjo yoyote. Kwa watu wengi, basi, jibu ni fupi: nenda kachanjwe.

Sababu ya kushauri siku mbili tatu katikati ni homa. Kidonda cha jino kinaweza kuleta homa, chanjo nayo inaweza, na zikiangukia siku moja hutajua ipi imetoka wapi. Mmoja atakaa nyumbani akisema "ni chanjo tu hii" huku usaha unashuka shingoni. Mwingine ataanza antibayotiki kwa homa ambayo ingeondoka yenyewe kesho yake. Nafasi unayoacha ni ya kukusaidia kutofautisha hizo mbili. Chanjo yenyewe haiihitaji.

Hatua zifuatazo ni za mtu mzima. Watoto wana sehemu yao mwishoni.

Hatua ya 1: Jua umefanyiwa nini mdomoni

Kusafishwa, kuzibwa, kupigwa picha ya eksirei, kukazwa waya: unaweza kuchanjwa siku hiyohiyo. Angalia jambo moja tu, kama ulichomwa ganzi. Ganzi ya kawaida ya meno, lignokeini ya asilimia 2 yenye adrenalini, huacha midomo na ulimi bila hisia kwa saa 3 hadi 5. Mzio mkali wa chanjo ni wa nadra sana, lakini ukija, dalili zake za mwanzo huweza kuwa midomo kuvimba, ulimi kuwa mzito na koo kubana. Mwenye mdomo uliokufa ganzi hawezi kuzisema mapema. Adrenalini iliyo kwenye ganzi pia huweza kuupeleka moyo mbio kwa dakika chache, na nesi wa chanjo akiona hivyo anaweza kushtuka bure. Kwa hiyo chanjwa asubuhi, meno mchana. Ikishindikana, subiri mdomo urudi kwanza.

Jino moja limeng'olewa bila shida: chanjo inaruhusiwa hata kesho yake. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, acha saa 48 hadi 72. Katika muda huo damu imeshakatika, donge limeshika kwenye tundu, na unajua kama maumivu yanapungua au yanapanda.

Upasuaji wa gego la mwisho, ambapo fizi ilipasuliwa na mfupa kuchongwa, ni habari nyingine. Uvimbe wake hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, taya hukaza, na unakula uji tu. Chanjo isiyo ya haraka iache siku 5 hadi 7. Haikatazwi kabla ya hapo, ila unajiongezea uchovu juu ya uchovu.

Jipu la jino lenye homa, shavu limejaa, mwili umechoka: hapa ndipo chanjo ya kawaida huahirishwa kweli. Rudi baada ya siku nzima bila homa, bila kumeza dawa ya kuishusha, na uvimbe ukiwa unapungua. Huna haja ya kusubiri mpaka umalize dozi ya antibayotiki.

Vipi jino bovu ambalo bado halijatibiwa, linauma lakini huna homa? Halizuii chochote. Kuna wanaoahirisha chanjo miezi wakisubiri kupata nafasi kwa daktari wa meno, na mwishoni hawapati hiki wala kile.

Hatua ya 2: Pima joto, na lipime vizuri

Usipime mdomoni baada ya matibabu ya meno. Fizi iliyovimba, maji ya chumvi ya uvuguvugu au barafu uliyoweka shavuni vyote hupotosha kipimo. Weka kipimajoto kwapani, kwapa likiwa kavu, mkono umebanwa. Nyuzi 37.5 kwapani ihesabu kuwa ni homa.

Kosa kubwa zaidi ni kupima saa moja baada ya kumeza parasetamoli au diklofenaki. Dawa imeshusha joto, kipimajoto kinaonyesha 36.8, nawe unaenda kuchanjwa ukiwa na jipu. Pima kabla ya kumeza dozi inayofuata, angalau saa 4 hadi 6 tangu ya mwisho. Asubuhi unapoamka ndiyo nafasi nzuri.

Mafua madogo au joto la 37.6 lisilo na dalili nyingine havimnyimi mtu chanjo. Kinachoahirisha ni ugonjwa wa wastani au mkali.

Hatua ya 3: Weka dawa zako zote mezani

Zisome moja moja, pamoja na zile za kwenye vibahasha vya duka la dawa.

*Antibayotiki.* Amoksisilini na metronidazoli, ambazo ndizo huandikwa zaidi kwa meno, hazigusi chanjo za sindano. Ziko mbili za kumeza ambazo ni tofauti kwa sababu zina bakteria hai, na antibayotiki huwaua kabla hawajafanya kazi. Ya kwanza ni chanjo ya taifodi ya kumeza, ambayo mtengenezaji wake ameacha kuizalisha; ukiikuta bado ipo, acha zaidi ya saa 72 tangu dozi ya mwisho ya antibayotiki. Ya pili ni chanjo ya kipindupindu yenye bakteria hai, inayotumika kwa wasafiri Marekani: acha siku 14. Walioko Ulaya na Marekani Kaskazini wanaojiandaa kuja nyumbani ndio wanaoweza kukutana nazo. Chanjo ya kipindupindu ya kampeni zetu ina bakteria waliouawa na haijali antibayotiki. Taifodi ya sindano pia haijali.

Mwenye mzio wa penisilini naye achanjwe kama kawaida. Chanjo hazina penisilini ndani yake.

*Dawa za maumivu.* Kama unameza kwa ajili ya jino, endelea. Usimeze kabla ya chanjo kwa nia ya kuzuia homa ambayo haijaja; homa ikija, ndipo umeze. Hatari iliyopo hapa ni kurudufisha. Daktari wa meno kakupa vidonge vya mseto vya diklofenaki na parasetamoli, kisha kwenye chanjo unaambiwa "ukipata homa meza parasetamoli", nawe unaongeza juu yake. Mtu mzima asivuke gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kila kidonge cha mseto chenye miligramu 500 kimo katika hesabu hiyo. Aspirini usitumie kwa maumivu baada ya kung'oa. Inachelewesha damu kukatika. Kama unameza aspirini ndogo kwa ajili ya moyo, usiiache bila daktari kusema.

*Steroidi.* Baadhi ya madaktari hutoa deksamethasoni au prednisoloni ili kupunguza uvimbe wa upasuaji. Dozi moja au ya siku chache si kikwazo. Kikwazo kinaanza kwa mtu mzima anayemeza prednisoloni ya miligramu 20 au zaidi kila siku kwa siku 14 au zaidi, kwa ugonjwa wowote. Huyo asipewe chanjo zenye virusi hai kama surua, tetekuwanga au homa ya manjano mpaka upite angalau mwezi mmoja tangu alipoacha. Chanjo zisizo hai anaweza kupata, ingawa mwili unaweza kuitika kidogo.

*Dawa za kufanya damu iwe nyepesi.* Kama ulivuja sana baada ya kung'oa, au unatumia wafarini, mwambie nesi. Atatumia sindano nyembamba, namba 23 au nyembamba zaidi, kisha atabonyeza begani kwa dakika 2 bila kusugua.

*Damu uliyoongezewa.* Hili husahaulika. Aliyepasuliwa taya baada ya ajali akaongezewa damu amepokea pia kingamwili za mchangiaji, yaani kinga iliyo tayari ndani ya damu yake, na hizo huweza kuiua chanjo ya surua na ya tetekuwanga kabla haijashika. Kwa damu nzima au chembe nyekundu, huachwa miezi 6. Homa ya manjano haimo katika zuio hili.

Hatua ya 4: Ni chanjo gani, na saa inahesabu vipi

Chanjo za safari ndizo zinazowabana watu, kwa sababu tarehe ya ndege haisogei. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Kwa mahujaji, Saudi Arabia hudai chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayokinga makundi manne ya bakteria (A, C, W na Y), iliyotolewa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Sasa rudi nyuma kwenye kalenda: anayesafiri tarehe 30 awe amechanjwa kufikia tarehe 20, na kama jino linahitaji kung'olewa, ling'olewe kufikia tarehe 15 au 16. Umechelewa? Chanjwa kwanza, jino lifuate siku mbili baadaye. Usipande ndege na jino lenye usaha kwa sababu tu ulikuwa unaogopa kuchanganya. Maumivu yatakufuata hadi Makka.

Chanjo mbili hai za sindano, kwa mfano homa ya manjano na surua, hutolewa siku moja au zipishane kwa angalau wiki 4. Ukiahirisha moja kwa ajili ya jino, hesabu upya hizo wiki 4.

Homa ya ini B huenda kwa dozi ya mwanzo, ya mwezi mmoja baadaye na ya mwezi wa sita. Jino likikufanya uchelewe wiki mbili au hata miezi miwili, endelea ulipoishia. Hakuna kuanza upya. Unachokatazwa ni kuwahisha dozi kabla ya muda wake.

Mjamzito anayepewa chanjo ya pepopunda kliniki asiikose kwa sababu ya jino. Dozi ya pili huja wiki 4 baada ya ya kwanza, na inatakiwa iwe imetolewa angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Ukiiacha, mtoto anaweza kuzaliwa bila kinga.

Zisizosubiri kitu

Ajali ya bodaboda, mdomo umepasuka, jino limetoka na kidonda kimeingia mchanga. Jino la mtu mzima lishike kwa sehemu nyeupe, usiguse mzizi, lisuuze haraka, liweke kwenye maziwa baridi, na fika kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Siku hiyohiyo ulizia pepopunda. Kwa kidonda kichafu, dozi ya kuongezea hutolewa kama ya mwisho imepita miaka 5; kwa kidonda kidogo kisafi, miaka 10. Asiyewahi kumaliza dozi tatu za msingi, au asiyejua, huhitaji pia kingamwili za pepopunda kwa kidonda kichafu. Kina mama wengi wana kadi ya kliniki ya kuonyesha. Wanaume wengi hawana karatasi yoyote tangu utotoni, na huhesabiwa hawajachanjwa.

Mbwa akimng'ata mtu usoni au mdomoni, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa ianze siku hiyo, hata kama kuna jino lililong'olewa jana na homa juu yake. Ratiba ya kwenye ngozi ni siku ya 0, 3 na 7. Ya msuli huongeza siku ya 14. Mwambie anayetaka kushona mdomo kwamba kingamwili za kichaa cha mbwa ziingizwe kwanza ndani na kuzunguka kidonda, kushona kufuate. Kushona mapema kunaweza kuvisukuma virusi ndani zaidi.

Hatua ya 5: Siku yenyewe ya sindano

Kula kwanza, hata kama ni uji au mtori. Aliyeng'oa jino mara nyingi hajala vizuri siku mbili, na wengi wanaoanguka baada ya sindano ni wenye njaa na woga, si wenye mzio.

Mwambie nesi mambo matatu: lini ulitibiwa meno, unameza dawa gani, na kama una homa. Kisha chagua mkono. Baada ya chanjo, hasa ya UVIKO-19, mitoki ya kwapani au juu ya mtulinga huweza kuvimba upande uliochomwa, na jino bovu huvimbisha tezi za chini ya taya na shingoni. Ulitibiwa jino la kulia? Chomwa mkono wa kushoto. Uvimbe ukitokea, utajua umetoka wapi.

Kaa kituoni dakika 15. Kama uliwahi kupata mzio mkali wa kitu chochote, kaa 30. Andika saa ya sindano nyuma ya kadi. Jioni homa ikipanda, hiyo saa ndiyo utakayoitafuta.

Homa imekuja. Ni ya nani?

Ya chanjo isiyo hai huanza ndani ya saa 24 na kuisha ndani ya siku 2. Inauma mwili mzima, mkono umekuwa mzito, kichwa kinagonga, lakini tundu la jino liko vilevile. Ya surua huchelewa, huja kati ya siku ya 5 na ya 12. Homa ya manjano nayo huweza kuacha kichwa na mwili vikiuma kwa siku kadhaa.

Ya jino inasimulia mdomoni. Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, ladha mbaya, usaha, taya linalozidi kukaza. Hapo usisubiri, rudi kwa daktari wa meno.

Kuna maumivu ya tatu yanayowachanganya wengi. Siku ya pili hadi ya nne tangu kung'oa, maumivu yanapanda ghafla, yanapiga hadi sikioni, mdomo unanuka, lakini joto ni la kawaida. Hilo ni tundu lililopoteza donge la damu, mfupa uko wazi. Si chanjo, na antibayotiki haimalizi tatizo. Linasafishwa na kuwekwa dawa. Mara nyingi chanzo ni sigara, au kusukutua kwa nguvu siku ya kwanza.

Na bila kujali ulichanjwa lini: uvimbe chini ya kidevu, mate yanayodondoka, kushindwa kumeza, sauti iliyobadilika au pumzi inayobana ni safari ya hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.

Ukichanjwa kwanza, meno baadaye

Kusafisha na kuziba, hata siku hiyohiyo. Kung'oa kwa kupanga, kesho kutwa. Ukiwa utalazwa usingizi kwa upasuaji wa meno, mwambie mtaalamu wa usingizi tarehe ya chanjo; wengi hupendelea saa 48 zipite, ili homa isije ikaonekana ni maambukizi na upasuaji ukafutwa mezani. Jino lenye usaha halisubiri hizo saa 48. Linatolewa.

Watoto

Mwanafunzi aliyechanjwa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi shuleni anaweza kung'olewa jino la utotoni wiki hiyohiyo. Dozi ya parasetamoli kwa mtoto hupimwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kijiko cha kukisia hakifai. Aspirini hapewi.

Kwa wachanga, hatari kubwa ni mambo wanayofanyiwa watu wakiona homa ya chanjo. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 mara nyingi huleta joto na kilio kwa siku moja au mbili. Mtoto anakataa kutulia, mkubwa mmoja anamfungua mdomo, anaona vivimbe vyeupe kwenye fizi pale yatakapoota machonge, na neno linatoka: meno ya plastiki. Wengine huita ya nailoni. Anapelekwa kwa mtu anayeyachokoa kwa wembe au spoku ya baiskeli.

Hayo ni machipukizi ya meno halali. Kila mtoto anayo, mwenye homa na asiye na homa, na meno ya kwanza hutokeza karibu na miezi 6. Kuyachokoa huleta kuvuja damu, upungufu wa damu, maambukizi kwenye damu, pepopunda, na machonge ya ukubwani yasiyoota au yanayoota yamepinda. Watoto wamekufa kwa sababu hiyo.

Baada ya chanjo, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpunguzie nguo, na mpe parasetamoli kwa kipimo ulichopewa kliniki. Homa ikipita siku 2, akikataa titi, akilegea au akipata degedege, mpeleke kituo cha afya. Malaria na nimonia hazikuacha kuwepo kwa sababu mtoto kachanjwa.

Kama tayari ameshachokolewa, mpeleke hospitali leo na useme wazi kilichofanyika, ukiwa na kadi ya kliniki mkononi. Wahudumu wanahitaji kujua kifaa kilichotumika, siku, na dozi ngapi za pentavalenti (chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, pepopunda ikiwemo) amepata, kwa sababu hizo ndizo zinazoeleza kinga yake dhidi ya pepopunda. Akishatulia, ratiba inaendelea pale ilipoishia.